X-Road machoni pa mtunza masjala

Nianze na hukumu yangu, maana wengi wanaosoma mapitio ya mfumo kama huu wana swali moja tu: tuuchukue au tuuache? X-Road uchukueni. Katika mifumo yote niliyoiona ikitumika kuzifanya ofisi za serikali zisomane, sijaona uliotulia na kuaminika kama huu. Lakini mkiusimika kama ulivyo na kuanza kupitisha taarifa za watu bila kuongeza kitu kimoja nitakachokieleza kwa kirefu, mtakuwa mmewapa watumishi macho ya kumwona mwananchi kutoka pande zote, na mwananchi mwenyewe hamkumpa hata jicho moja la kuwaona wao.

Mimi si mwanaprogramu. Nimekulia kikazi masjala. Nimeandikisha vizazi na vifo kwa mkono kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, nimepekua rafu nikitafuta jina ambalo karani aliyenitangulia aliliandika tofauti na lilivyo kwenye cheti, na nimegonga mihuri mpaka kiganja kikafa ganzi. Walipohitaji mtu anayejua daftari linavyokaa ili aingie kwenye timu ya tehama, waliniita. Tangu hapo nakaa kati ya wataalamu wa seva na watunza kumbukumbu, na nayasema haya nikiwa upande wa daftari.

Kilichonifanya niipende kazi hii ni wajane. Nimewapokea dirishani kwa miaka, wakiwa na bahasha ya kaki imevimba kwa nakala. Ofisi ya mafao inataka nakala ya cheti cha kifo iliyogongwa mhuri. Akiipeleka, inataka barua kutoka kwetu kwamba mhuri ule ni wa kweli. Benki nayo inataka barua yake, ardhi yake, na shule ya watoto inataka kuona cheti halisi. Kifo kimoja, ambacho serikali yenyewe imekwisha kukiandika kwenye daftari lake, anadaiwa akithibitishe upya kila mlango anaobisha. Mtu aliyefiwa anageuzwa tarishi wa ofisi ambazo zingeweza kuulizana zenyewe. Kwa hiyo nilipokabidhiwa X-Road niupime, kipimo changu kilikuwa kimoja: je, huyu mama ataacha kubeba bahasha?

X-Road ulizaliwa Estonia mwaka 2001. Ni nchi ya watu takribani milioni 1.3, na wakati ule ilikuwa na madaftari ya kidijitali yaliyojengwa kila moja kivyake. Njia ambayo wengi huifikiria kwanza ni kuyamwaga yote kwenye kanzidata moja kubwa. Wao waliacha kila daftari likae lilipo, chini ya mwenyewe, wakajenga utaratibu wa ofisi kuulizana kwa usalama. Kila taasisi inayojiunga husimika seva yake ya usalama, na hiyo ndiyo inayosimama mlangoni. Ombi likitoka, seva hulitia saini ya kidijitali ya taasisi, hulisimba ili asiyehusika asilisome njiani, na kulituma moja kwa moja kwa seva ya usalama ya taasisi inayoulizwa. Huko saini huhakikiwa, hutazamwa kama muulizaji ana ruhusa, ndipo ombi hupitishwa hadi kwenye daftari. Jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Pande zote mbili huweka kumbukumbu yenye saini na mhuri wa muda, yaani uthibitisho wa kidijitali wa lini ujumbe ulipita, ili kesho asiwepo wa kusema hakuuliza wala wa kusema hakujibu. Seva kuu ipo, lakini taarifa za watu hazipiti kwake. Yenyewe hutunza orodha ya wanachama, seva zao, na watoa vyeti vya kidijitali wanaokubalika.

Ukisoma haya harakaharaka utayaona ni mambo ya mafundi. Kwangu ndiyo siasa nzima ya jambo hili, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya X-Road tulipitia mradi mwingine ambao taasisi moja, sitaitaja, ilitaka madaftari yote yahamishiwe kwake. Hakuna aliyekataa waziwazi. Barua zilijibiwa kwa adabu, vikao vilihudhuriwa, chai ilinyweka, na data haikuja. Waliokuwa nje waliita ukaidi. Mimi niliwaelewa wale wasajili. Ukiwa umekula kiapo cha kutunza siri za daftari, na sheria inakutaja wewe kwa cheo chako, utalikabidhije kwa mtu ambaye sheria haimtaji? Likivuja, nani ataitwa kujieleza?

Kwenye kikao cha kwanza cha X-Road alikuwapo msajili mmoja mzee, mtu wa miaka mingi kazini, aliyesikiliza maelezo yote kimya. Wataalamu walipomaliza akauliza, “Na ufunguo wa daftari langu atakaa nao nani?” Kijana wa tehama akamjibu, “Utakaa nao wewe, Mzee. Seva itakuwa kwako, na asiyepewa ruhusa na ofisi yako hapati hata herufi.” Mzee akauliza tena, “Na nikitaka kumfungia mtu?” “Unamfungia siku hiyohiyo, Mzee, huna haja ya kutuomba kibali.” Akavuta faili lake, akachukua kalamu, akaanza kuuliza maswali ya kazi: nani atauliza nini, kwa sheria ipi, na jibu liwe na vipengele vingapi. Sikuwahi kumsikia akiuliza maswali hayo kwenye ule mradi wa kwanza. Huko hakuulizwa chochote, aliambiwa alete.

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ya mfumo huu, na ndiyo sababu nasema uchukueni. Ofisi hushirikiana pale kila moja inapobaki na daftari lake na heshima yake. X-Road umeliweka hilo ndani ya ujenzi wake wenyewe, halitegemei hisani ya mkuu wa sasa.

Ruhusa zenyewe hutolewa kwa undani unaonipendeza. Mwanachama hujigawa katika mifumo midogo, na mwenye daftari humruhusu mfumo mdogo mmoja kwa huduma moja. Mfumo wa mafao wa taasisi ya pensheni unaweza kuruhusiwa kuuliza kama mtu fulani amefariki, huku mfumo wa ajira wa taasisi hiyohiyo ukifungiwa. Tulipoandaa huduma ya kwanza tulibishana sana kuhusu jibu liwe na nini. Wataalamu walitaka kutoa rekodi nzima, kwa hoja kwamba muulizaji atachagua anachohitaji. Sisi wa masjala tukakataa. Ofisi ya mafao haihitaji kujua mtu amekufa kwa ugonjwa gani. Inahitaji ndiyo au hapana, pamoja na tarehe. Tukashinda, na mpaka leo huduma hiyo inarudisha vitu hivyo viwili tu. Jueni lakini kwamba programu haikutusaidia katika ubishi huo. X-Road ungepitisha rekodi nzima kwa utulivu uleule. Kuamua jibu liwe dogo ni kazi ya watu, na mkiwaachia mafundi peke yao, jibu litakuwa kubwa.

Kusimika kulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na hapa nitapita haraka. Seva ya usalama inakaa kwenye mifumo endeshi ya Ubuntu au Red Hat Enterprise Linux, haitaki mashine kubwa, na ukurasa wake wa usimamizi hufunguliwa kwa kivinjari kupitia poti 4000, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo. Kati ya taasisi na taasisi zinahitajika poti 5500 na 5577, na nusu ya matatizo ya mwanzo huwa ni ukuta wa mtandao ambao mtu amesahau kuufungulia poti hizo. Kuna mitindo miwili ya programu kuulizana: huduma za mtindo wa zamani wa SOAP zinakubaliwa, na za mtindo mpya wa REST vilevile tangu mwaka 2019. Maelezo ya matumizi ni marefu na yameandikwa kwa uangalifu. Yapo mafunzo ya bure kwenye intaneti na mazingira ya majaribio ambamo unaweza kuvunja na kujenga bila kumdhuru mtu. Vijana wangu walijifunzia humo, nami nikajifunza nao kiasi cha kuweza kutoa na kuondoa ruhusa mwenyewe.

Uendeshaji wa kila siku ndio wenye miiba, hasa vyeti vya kidijitali. Kila seva ina cheti cha kujitambulisha na kila mwanachama ana cheti cha kutia saini, na vyote vina tarehe ya mwisho. Cheti kikifa, mazungumzo yanakatika papo hapo. Niliwahi kushuhudia taasisi moja ikizimika asubuhi ya siku ya kazi kwa sababu aliyekuwa akifuatilia tarehe hizo alihamishwa kituo na hakumwachia mtu orodha. Makarani wakarudi kwenye nakala za karatasi siku ile, na wananchi waliokwisha kuambiwa waje mikono mitupu wakaambiwa warudi nyumbani wakalete cheti. Niliona aibu kubwa kwa niaba ya serikali nzima. Matoleo ya karibuni ya toleo la 7 yameleta utaratibu wa ACME wa kuomba na kuhuisha vyeti bila mkono wa mtu, mradi mtoa vyeti wenu awe anaukubali. Ulizeni hilo kabla ya kusaini mkataba naye.

Kuna mipaka mingine miwili ya muda ambayo msimamizi lazima aijue kwa moyo. Seva ya usalama ikishindwa kupata mihuri ya muda, huendelea kufanya kazi kwa saa 4 kama mpangilio wa awali haukubadilishwa, kisha husimamisha kila kitu. Naona ni haki kabisa. Ujumbe usioweza kuthibitishwa ulipita lini hauna maana kwa mwenye daftari. Wa pili unanisumbua zaidi. Nimesema taarifa za watu hazipiti seva kuu, na ni kweli. Ila seva za usalama hupakua kutoka kwake orodha ya wanachama, na orodha hiyo kwa mpangilio wa awali huisha uhalali baada ya dakika 10. Seva kuu ikilala kupita hapo na hamkujiandaa, wanachama wote wananyamaza, hata wawili waliokuwa wakizungumza vizuri muda mfupi uliopita. Kwa hiyo msidanganywe na maneno kwamba mfumo hauna kitovu. Kitovu kipo, kinahitaji seva ya akiba, umeme wa akiba na mtu wa zamu.

Halafu kuna usafi wa data, ambao hakuna programu itakayowaletea. Estonia kila mtu ana namba binafsi ya tarakimu 11, na madaftari yao huulizana kwa namba hiyo. Kwenye daftari letu la zamani kuna watu wasio na namba yoyote. Kuna jina moja limeandikwa kwa h kwetu na bila h kwenye mafao, kuna tarehe za kuzaliwa zilizokadiriwa, kuna mapacha waliopewa mstari mmoja. Mifumo ilipoanza kusomana, maswali mengi yalirudi na jibu kwamba mtu hayupo, na wakubwa wakasema X-Road haufanyi kazi. Ulikuwa unafanya kazi sawasawa. Ulichofanya ni kutuonyesha uozo uliokuwa umefichwa na bahasha za wajane, maana mama akija na cheti mkononi karani humaliza tofauti ya h kwa kumtazama usoni. Tulilazimika kukaa na ofisi ya mafao, mstari kwa mstari, kulinganisha. Kazi hiyo ni nzito, haina sherehe, na haimo kwenye bajeti za miradi mingi. Iwekeni.

Upande wa ushirikiano kati ya nchi, X-Road umeenda mahali ambapo programu chache za serikali zimefika. Mwaka 2013 mawaziri wakuu wa Estonia na Ufini wakati huo, Andrus Ansip na Jyrki Katainen, walitia saini kwa njia ya kidijitali makubaliano ya kushirikiana katika jambo hili. Ufini ikaanza kuutumia mwaka 2015. Mwaka 2017 nchi hizo mbili zikaanzisha taasisi ya pamoja, Nordic Institute for Interoperability Solutions, yenye makao Tallinn, ikakabidhiwa kuuendeleza mfumo. Iceland ikajiunga kama mwanachama mwaka 2021. Mwaka 2018 mitandao ya Estonia na Ufini iliunganishwa rasmi, ikawezekana taasisi ya nchi moja kuuliza ya nchi nyingine. Msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwenye tovuti ya GitHub chini ya leseni huria ya MIT, kwa hiyo yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma na kuutumia bila kulipa. Kyrgyzstan wanautumia kwa jina la Tunduk, Kambodia kwa jina la CamDX, na Visiwa vya Faroe kwa jina la Heldin.

Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba hakuna kampuni moja iliyoshika shingo ya serikali. Nimeona mikataba ambayo mwenye programu akipandisha bei, ofisi hulipa kwa sababu daftari lake limefungwa ndani. Hapa unaweza kumwachisha fundi leo ukaajiri mwingine kesho, na msimbo ukabaki. Kasoro yake ni kwamba mwelekeo wa maendeleo huamuliwa na wanachama wanaolipa ada. Sisi wengine tunaotumia tunaweza kupendekeza, kuripoti hitilafu na hata kuchangia msimbo, lakini kura hatuna. Naona ni haki kwa anayelipa. Hata hivyo watumiaji wa nchi nyingi hawafanani na Estonia wala Ufini, na mahitaji yao yanapaswa kuwa na uzito.

Sasa nifike kwenye lile jambo moja.

Mama mmoja, baada ya kuhudumiwa bila karatasi kwa mara ya kwanza, alifurahi, akashukuru, kisha akasita dirishani. Akaniuliza, “Mwanangu, kama nyie mmeweza kuyaona yangu bila mimi kuwaletea, nitajuaje nani mwingine anayaona?” Swali lake lilikuwa la haki kuliko maswali yote niliyoulizwa na wakaguzi. Zamani bahasha ilikuwa mzigo, lakini ilikuwa mkononi mwake. Aliyetaka kuiona ilibidi amwombe yeye.

X-Road peke yake haumjibu mama huyu. Mfumo unamtambua aliyeuliza kwa kiwango cha taasisi. Unathibitisha kwa saini kwamba ombi limetoka ofisi ya mafao, lakini ni karani gani aliyeketi kwenye kompyuta, hilo hulijua kwa kuambiwa tu na mfumo wa ofisi hiyo. Lipo eneo kwenye kichwa cha ombi liitwalo X-Road-UserId kwa ajili ya kumtaja mtumishi. Lipo na jingine, X-Road-Issue, la kuandika namba ya shauri au jalada ambalo kwa ajili yake taarifa inaombwa. Yote mawili ni ya hiari. Ukiyaacha tupu, ombi linapita.

Kumbukumbu nazo zipo nyingi, zimetiwa saini, hazichezeki. Ila zimetengenezwa kwa ajili ya ushahidi: ukiwa na namba ya ujumbe unaweza kuutoa na kuthibitisha ulikuwa na nini. Huwezi kuziambia, “Nionyesheni kila aliyemuuliza mama huyu.” Ndani yake ujumbe umefungwa pamoja na saini, na baada ya muda huhifadhiwa kwenye vifurushi vya kumbukumbu. Kumtafuta mtu mmoja humo ni kama kutafuta shairi kwa kunusa maktaba.

Estonia walilijua hili, wakajenga chombo cha pembeni, Andmejälgija, yaani kifuatilia data. Mwananchi huingia kwenye tovuti ya serikali, hufungua ukurasa wake, na huona ni taasisi gani ilisoma taarifa zake, lini, na kwa shughuli gani, kwa madaftari yaliyojiunga na chombo hicho. Akiona jina asilolielewa, anaweza kuuliza, na taasisi inawajibika kujibu. Wapo watumishi huko waliowahi kuadhibiwa kwa kuchungulia taarifa za watu bila sababu ya kazi. Watu wengi wanaosifu mfumo wa Estonia wanasifu imani ya wananchi wake, na imani hiyo imejengwa kwa sehemu kubwa na ukurasa huu mdogo. Kwenye kifurushi cha X-Road haumo. Nchi nyingi huchukua kifurushi, huzindua kwa hotuba, na sehemu inayomlinda mtu wa kawaida huahirishwa hadi awamu ya pili, ambayo mara nyingi haina fedha.

Sisi tulikataa kuzindua huduma ya tatu kabla ya kuwa na ukurasa wa namna hiyo. Nasema sisi, na wa kwanza kusimama kidete alikuwa yule msajili mzee. Alisema, “Nimeruhusu ofisi hizi ziulize. Mwenye taarifa hakuruhusu, mimi nimeruhusu kwa niaba yake. Lazima nimpe hesabu.” Tukatengeneza jambo rahisi: kila jibu linapotoka kwenye daftari, mfumo wetu unaandika pembeni namba ya mtu, taasisi iliyouliza, saa, na namba ya shauri. Hatuandiki jibu lenyewe. Tukaweka sharti kwamba ombi lisilo na X-Road-UserId na X-Road-Issue linakataliwa na huduma yetu, hata kama X-Road umelipitisha. Taasisi mbili zililalamika kwamba tunawaongezea kazi. Tuliwajibu kwamba kama hakuna shauri, hakuna sababu ya kuuliza. Mwananchi asiye na intaneti huweza kuomba orodha yake dirishani, tukamchapia.

Wa kwanza waliokuja kuomba orodha walikuwa watumishi wenzetu. Walitaka kujua kama jirani anayefanya kazi ofisi nyingine amewatazama. Huo ni ushahidi tosha kwamba hofu ipo, na kwamba anayeijua serikali kutoka ndani anaijua hofu hiyo vizuri zaidi.

Sheria nayo ni sehemu ya mfumo, hata kama haisimikwi kwenye seva. Sheria ya taarifa za umma ya Estonia inakataza kuanzisha kanzidata tofauti kwa ajili ya kukusanya data ileile. Bila katazo la namna hiyo, ofisi zitaunganishwa na bado zitadai karatasi. Nimeliona kwa macho yangu: mifumo imeunganishwa, majibu yanapita, na kwenye ukuta wa dirisha la taasisi moja bado limebandikwa tangazo la kudai nakala tatu. Karani alikuwa na jibu kwenye kompyuta na bado aliomba nakala, kwa sababu fomu ya ukaguzi wa ndani ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa “nakala imeambatishwa”, na kisanduku kisipotiwa alama yeye ndiye anayeandikiwa barua. Simlaumu hata kidogo. Ilibidi twende kwa wakaguzi wao, tuwaeleze kwamba jibu lenye saini ya kidijitali na mhuri wa muda ni ushahidi wenye nguvu kuliko fotokopi, na tusimame pale mpaka kisanduku kibadilishwe. Anayepanga mradi wa namna hii awaite wakaguzi siku ya kwanza, pamoja na mafundi na wanasheria.

Kuhusu usalama nitasema kidogo. X-Road hauhusiki na mwananchi kuingia kwenye huduma. Utambulisho wa mtu ni mfumo mwingine, nao una hatari zake. Mwaka 2017 iligunduliwa kasoro kwenye chipu za kadi za utambulisho za Estonia, zaidi ya kadi 700,000 zikaguswa, na vyeti vyake vikasitishwa hadi vihuishwe. Madaftari yaliendelea kuulizana. Tengeni mambo haya mawili tangu kwenye michoro, ili moja likiugua lisiliangushe jingine.

Nani asiuchukue? Taasisi mbili zenye huduma moja ya kuulizana hazihitaji haya yote. Unganisheni moja kwa moja, kwa usimbaji mzuri na makubaliano ya maandishi. X-Road unaanza kuleta faida pale ofisi zinapokuwa nyingi kiasi kwamba kila mpya inayoingia ingelazimika kujadiliana na zote zilizotangulia. Pia msiuchukue kama hamna watu wa kudumu wa kuutunza. Mkandarasi ataondoka, na vyeti vitakufa tarehe yake ikifika.

Nimesikia toleo la 8 linaandaliwa na kwamba ujenzi wa ndani unabadilishwa ili uendane na viwango vipya vya kubadilishana data kati ya nchi. Nalisubiri kwa hamu, na nina ombi kwa wanaoutunza mfumo huu Tallinn. Mpeni mwenye daftari uwezo wa kutamka, kwenye ukurasa uleule anaotolea ruhusa, kwamba huduma hii haijibiwi bila jina la mtumishi na namba ya shauri, na seva ya usalama yenyewe imkatalie asiyeleta. Sisi tulilazimika kuandika sharti hilo kwenye kila huduma kwa mkono, na najua ofisi nyingi hazitafanya hivyo. Likiwa kisanduku cha kutia alama, msajili yeyote anaweza kulisimamia, hata kama hana mwanaprogramu hata mmoja ofisini kwake.